Chujio la Mshipani na Daku Lililonichelewesha

Jamani, nimechoka kuhadithia. Tangu nirudi, kila anayepita mlangoni pangu hapa Timbwani huinamia dirishani akaniuliza, "Riziki, ilikuwaje?" Nami huanza upya mpaka koo linanikauka, na kabla jua halijatua nakuta maneno yangu yameshageuzwa. Juzi nimesikia ati nimetolewa figo. Figo zangu zote mbili ninazo, alhamdulillahi. Kwa hivyo nyinyi wenzangu wa sufuria, mliobeba shughuli tatu za harusi bila mimi na hamkuninung'unikia, nawaandikia simuni mara moja tu. Atakayeniuliza tena nitamwambia akasome.

Mambo ya fomu na kupangiwa tarehe siyasemi, hayana utamu. Mjue tu kwamba niliyoyafuata Nairobi yalikuwa mawili. La kwanza, kupunguzwa mfuko wa chakula tumboni, maana mwili ulikuwa umenishinda. Mmeniona wenyewe: nikisimama kwenye jiko la biriani nusu saa, magoti yanalia na pumzi zinakata, na sukari nayo imeshanivamia. La pili, ambalo lilitakiwa lifanywe kwanza, ni kutiwa chujio kwenye mshipa.

Mnakumbuka miaka mitatu nyuma nilipovunjika kifundo cha mguu nikalala wiki nzima? Damu iliniganda mguuni. Sasa daktari wa hapa Mombasa alinambia, "Mama, sisi kinachotutia hofu ni bonge." Nikamkata jicho. Jina la Bonge nimeitwa tangu madrasa, na mimi si mtu wa kunyamaza. Nikamwambia, bonge ana jina lake, anaitwa Riziki, na yuko hapa mbele yako. Mwanamume wa watu akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe alikuwa akisema bonge la damu. Akanieleza kwamba mtu mwenye mwili wangu na damu ya kuganda kama yangu akipasuliwa tumbo, bonge laweza kutoka mguuni likapanda mpaka pafuni, na likifika huko mara nyingi mtu hawahiwi. Chujio lenyewe ni nyaya nyembamba zilizotanuka, utasema mbavu za mwavuli ulioondolewa kitambaa. Hupitishwa shingoni likashushwa mpaka kwenye mshipa mkubwa wa tumboni unaorudisha damu moyoni, na hapo hutegwa. Damu hupita, bonge hunaswa.

Wengine wangesikia hayo wakaogopa kidogo. Sisi kwetu bonge hilo lilishatuzikisha mtu.

Timbwani mpaka Bofu

Kwa mama, huko Bofu, si njiani kwenda Nairobi, lakini safari yangu ilianzia huko, kwa sababu sikuweza kuondoka bila radhi zake. Nilikwenda alasiri ya siku ya kuamkia safari, na wifi yangu Maimuna, ndugu wa mume wangu Salim. Salim kazini bandarini walimnyima ruhusa, basi Maimuna ndiye aliyejitolea kunisindikiza.

Wageni miongoni mwenu hamkumjua dada yangu Zuhura. Alijifungua kwa kupasuliwa, miaka kumi na mmoja sasa, akarudi Bofu kwa mama kukaa arobaini. Mama yangu alikuwa mkandaji, na sisemi kwa kuwa ni mama yangu: wazazi, wanawake waliotoka kujifungua, walikuwa wakiletwa kwake kutoka Mtongwe, kutoka Kisauni ng'ambo ya pili, awakande kwa maji ya moto na mafuta ya uto. Siku ya tisa Zuhura akalalamika shavu la mguu lamvuta. Mama akamkanda. Zuhura akasema amesikia raha, akainuka kwenda msalani, akaanguka kizingitini. Gari lilipopatikana alikuwa ameshakwenda. Hospitali wakatwambia ni bonge la damu, limetoka mguuni likaziba pafu. Kijana mmoja wa kidaktari pale akauliza mbele za watu, nani aliyeugusa huo mguu?

Tangu siku hiyo mama hajamkanda mtu. Jina la Zuhura hajalitaja. Mtoto yuko Kisauni kwa babake na huja likizo, na mama humpikia na kumsuka nywele, lakini akimuuliza habari za mamake, mama huondoka kitini akaenda uani. Nilipolala mimi na ule mguu wangu, mama alikuja kila siku akaketi sebuleni. Chumbani hakuingia.

Basi nilimkuta anachambua mchele. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamweleza yote, la tumbo na la chujio, na kwamba hilo chujio latiwa makusudi ili yaliyomfika mwenzangu yasinifike mimi. Maimuna akawa anaitikia "naam, naam" huko nyuma kama yuko kwenye mawaidha. Mama hakuinua kichwa. Alichambua ule ungo mpaka mwisho, akaupepeta, akauweka chini.

"Radhi zangu unazo, Riziki, tangu uzaliwe," akasema. "Lakini usinambie ni siku gani. Sitaki kuijua siku."

Nikamuuliza kama nimpigie simu kabla ya kuingizwa ndani. Akakataa. Akasema nikitoka mzima watamwambia, na nisipotoka pia watamwambia. Akaingia jikoni na ule mchele, hakutoka tena. Nililia njia nzima mpaka nyumbani, na mimi si mlizi.

Kwa Dongo Kundu mpaka Miritini

Alfajiri akaja Baba Mueni na teksi yake. Baba Mueni ni jirani yangu, Mkamba, mpole, ukuta wa nyumba yake na wangu ni mmoja. Maimuna alitaka tupite feri kwa kuwa ana shoga yake upande wa pili aliyemwahidi mkate wa sinia. Tukabishana pale pale na buibui zetu, gari linaunguruma. Nikamwambia, mimi nakwenda kukatwa tumbo, wewe wafikiria mkate? Akanijibu kwamba tumbo litakatwa keshokutwa na leo bado ni zima. Tukapita Dongo Kundu, barabara isiyo na feri.

Heri tungepita feri. Kabla ya kufika Miritini kwenye kituo cha treni, malori ya makontena yalikuwa yamesimama safu kwa safu, moja limelala ubavu mbele huko, na madereva wameshuka wanapiga mswaki kando ya barabara. Nikaanza kutokwa na jasho. Baba Mueni akazima gari, akatugeukia kwa adabu, akauliza kama tutaona vibaya yeye akituombea kwa dini yake. Nikamwambia aombe tu, Mungu ni mmoja. Akafumba macho, akaomba kwa Kikamba na Kiswahili vimechanganyika, akaomba Mungu amshike daktari mkono asitetemeke. Maimuna akaitikia amina kila alipovuta pumzi, hata pale ambapo Baba Mueni alikuwa anatafuta neno tu. Alipomaliza malori bado yamesimama. Lakini jasho lilinikauka, na baada ya hapo akapata kichochoro cha vumbi kilichotutoa nyuma ya kituo. Tulifika tunakimbia, kama yangu yaweza kuitwa kukimbia.

Langoni askari akataka kufunguliwa mizigo. Begi langu lilikuwa moja, na madera mawili. La Maimuna lilikuwa na mahamri, mbaazi za nazi kwenye kopo, viazi karai, samaki wa kukaanga, tende, na birika la chai. Askari akauliza kama twaenda harusini. Maimuna akasema, la, twaenda hospitali, mgonjwa ni huyu, hatakiwi kula sana. Yule askari akatutazama, akatutazama tena, akatupisha.

Kwenye treni

Kiti cha treni hakikushonwa kwa ajili yangu. Viti ni vya watu watatu watatu, na mimi peke yangu nilitaka kimoja na nusu. Aliyekaa nami dirishani alikuwa bibi wa Murang'a, mkongwe kidogo, ametoka kumzuru mwanawe Changamwe anakofanya kazi kiwandani. Nikamwomba radhi. Akajisogeza mpaka ukutani, akasema kwa Kiswahili chake cha bara, "Kaa mzuri, mama. Mimi ni kidogo, wewe ni kubwa, tutatosha." Nikampenda papo hapo.

Sasa, daktari alikuwa ameniamuru nisiketi zaidi ya saa moja, niinuke nitembee ili damu isilale miguuni. Basi kila saa nilishika njia, behewa hadi behewa, najishikilia migongo ya viti. Mara ya pili Maimuna akanipa kopo la mahamri nimpelekee mama mmoja aliyekuwa na watoto wanaolia. Kosa. Nilipokuwa narudi na kopo mkononi na kanga kiunoni, bwana mmoja wa tai akaninyooshea kidole, akaagiza mahamri manne na chai. Nikamwambia siuzi. Nyuma yake walishaanza kuuliza kama mbaazi zipo. Nilimweleza kwamba mimi ni mgonjwa natembeza damu. Akasema pole, halafu akauliza kama basi naweza kumpa mawili. Nikampa. Mwisho wa safari yale mahamri yote yalikuwa yameshaliwa na behewa zima na Maimuna amevimba kwa sifa.

Yule bibi naye akamuuliza Maimuna mimi naumwa na nini. Maimuna akajibu, anakwenda kutiwa chujio la damu. Bibi akashika mdomo. Kumbe yeye chujio la damu alilolijua ni ile mashine ya watu wa figo. Mume wake aliunganishwa nayo mara mbili kwa wiki mpaka alipofariki. Nilipotoka kwenye mizunguko yangu nikamkuta analia machozi kwa ajili yangu. Nikamweleza si hivyo, ni waya tu, hutegwa mshipani. Hakuniamini. Aliona namficha kwa kutaka kumtuliza. Akanishika mkono mpaka treni inasimama, akawa ananihadithia mumewe, alivyokuwa akipenda maziwa ya mgando na akakatazwa. Nikaacha kubisha. Mtu akikulilia kwa jambo ambalo silo, bado amekulilia.

Nairobi, na daku

Baridi ya Nairobi mwaijua kwa kuhadithiwa. Tulipanga chumba kwenye nyumba ya wageni karibu na hospitali, na siku ya kwanza tukavaa kila tulichobeba. Hospitali wakanipima hiki na hiki, na muuguzi mmoja wa kike, mwenyeji wa Magharibi, mrefu, mcheshi, akanieleza ratiba: kesho saa tatu asubuhi natiwa chujio, keshokutwa napasuliwa tumbo. Akasema, "Mama, kesho ufunge. Usile, usinywe hata maji."

Nikamwambia inshallah nitafunga. Kufunga ndilo jambo ninalolijua. Nimefunga Ramadhani na sufuria ya futari ya watu mia mbili mbele yangu.

Tuliporudi chumbani Maimuna akasema hawezi kuniacha nifunge peke yangu, naye atafunga. Akenda jikoni kwa mpishi wa pale, akajieleza, akapewa chapati, maharagwe na viazi, akavitunza na zile tende zetu. Saa kumi na nusu alfajiri akaniamsha. Tukala daku la watu wazima. Tukashushia chai, tukanuia, tukasali alfajiri. Nilikwenda hospitali nimetulia kabisa.

Wakanivisha gauni lisilofika kokote. Wakaniandika mkononi. Yule muuguzi akaja na kalamu yake.

"Mama, umefunga?"

"Nimefunga."

"Mara ya mwisho umekula saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu. Daku."

"Daku ni nini?"

Nikamweleza daku ni nini. Nikamweleza na sunna yake, kwamba lina baraka na haifai kuliacha. Nilipofika kwenye maharagwe akaketi kwenye kitanda changu. Akaniuliza kwa upole kama kweli nimekula chapati na maharagwe alfajiri hiyo, na mimi nikamwambia mbili, Maimuna ndiye aliyekula tatu. Akafunika uso na karatasi zake. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu akaacha kucheka, maana mambo hayakuwa ya kuchekesha. Kufunga kwao huanza usiku wa manane na hakuna kula katikati. Mtu akipewa dawa ya usingizi na tumbo limejaa, chakula chaweza kumrudi kikaingia pafuni.

Saa tatu yangu akapewa mtu mwengine. Na chujio lisipotiwa siku ile, upasuaji wa kesho yake haupo, na nafasi nyingine hakuna ajuaye lini. Nilikaa kwenye kile kiti cha ukumbini na gauni langu, najitukana kimoyomoyo. Miaka yote hii, magoti yote haya, nimemwacha mama jikoni na ungo wake, na kinachonirudisha Timbwani ni maharagwe. Nilitaka kumpigia simu mama. Nikashika simu, nikaiweka. Hakutaka kuijua siku.

Muuguzi ndiye aliyeniokoa. Hakutoka pale. Kila daktari aliyepita alimdaka, akamweleza habari za daku, na kila mmoja akaja kunichungulia mlangoni. Mwisho akapatikana wa kunipokea alasiri, tumbo likiwa limeshatulia. Chujio likaingia shingoni niko macho nusu, nasikia kama mtu ananisukuma kwa kidole ndani ya kifua. Halikuchukua hata muda wa kupika wali. Nilipotolewa nilimkuta Maimuna mlangoni, midomo imemkauka. Alikuwa bado amefunga. Akasema aliweka nia, hawezi kuivunja kwa sababu ya makosa ya hospitali. Makosa ya hospitali! Nikamtazama tu.

Kitandani

Upasuaji wenyewe sina la kuwaambia, nililala nikaamka. Salim akampigia mama, akamwambia nimetoka mzima, na mama akasema alhamdulillahi akakata simu. Nililishwa maji kwa kijiko, na kijiko kimoja kilinishibisha, mimi Riziki. Siku ya pili nikatembezwa.

Siku ya nne mguu ukaanza. Shavu la mguu wa kushoto likanivuta, nikalijua lile vuto kabla halijasema jina lake. Maimuna alipotaka kuniinua nikamwambia asiniguse, na sauti iliyonitoka si yangu. Wakanipima kwa ile mashine ya picha. Bonge lipo mguuni. Kwenye chujio hamna kitu, safi. Wakaniongeza dawa ya kuyeyusha damu, wakaamuru nilale chali mpaka asubuhi na mtu asiuguse ule mguu, asiupake kitu, hata shuka wakaliinua kwa tao la waya lisiulalie.

Nisiwafiche. Nilimwona Zuhura kwenye kile kizingiti saa zote. Nilisoma kila nilichohifadhi. Nilimwomba Mungu asimrudishie mama jambo lile lile mara mbili, na kama hapana budi, basi asijue kwamba ulikuwa mguu.

Asubuhi wakanipima tena. Daktari wa hapo, mwanamke wa makamo, mchache wa maneno, akatazama kioo chake kitambo, akakigeuza upande wangu. Akanionyesha zile nyaya, na katikati yake kitu cheusi, urefu wake ukucha mpaka kifundo cha kidole changu cha mwisho.

"Limenaswa," akasema. "Jana lilikuwa mguuni. Hapa ndipo linapokaa sasa, na hapa halitoki. Dawa italimaliza."

Kitu kile kidogo, wenzangu. Ningekiona kwenye mchele ningekitupa bila kufikiri.

Nililia, akaniacha nilie. Nilipoweza kusema nikamweleza habari za dada yangu na za mama, yote, mpaka lile swali la yule kijana. Nikamuuliza anambie kweli, si ya kunibembeleza: mkono wa mama ndio uliomuua Zuhura?

Akasema mguu uliovimba mmoja, unaouma shavu, haukandwi, na hilo lazima anambie na mimi niwaambie wengine. Ndiyo nawaambia. Mzazi wenu au yeyote akiwa na mguu wa namna hiyo, apelekwe hospitali, msimpake uto. Lakini habari ya dada yangu akasema hawezi kuijua, yeye wala yule kijana, na hakutakiwa kuuliza vile.

"Hayo mabonge hutembea yenyewe," akasema. "Lako limetoka mguuni likapanda. Nani alikukanda?"

Kurudi

Nilizuiliwa wiki tatu mpaka bonge likayeyuka. Chujio bado ninalo; nitarudi kutolewa wakiona hatari imekwisha. Njia ya kurudi haina mengi. Maimuna alitaka kubeba viazi vya Nairobi, nikamkataza, akabeba. Nilitembea behewa kwa behewa kila saa na hakuna aliyeniagiza chai. Baba Mueni alitupokea Miritini, akanitazama dera linavyonining'inia, akatikisa kichwa, akasema Mungu alimshika daktari mkono. Nikamwambia apinde, tupitie Bofu kwanza.

Bofu

Mama alikuwa uani anaanika kanga. Nilipomwamkia hakuitikia kwanza. Alikuja akanishika mashavu kwa mikono yake miwili yenye maji, akanitazama juu mpaka chini, akauliza mbona nimekonda hivi na ni kwa nini sikula. Nikacheka. Maimuna alipotaka kuanza kuhadithia nikamfinya, akaenda kumsalimu jirani.

Tukaketi kwenye mkeka. Nikamwambia mama, lipo moja ambalo Salim hakukwambia kwa sababu nilimkataza. Nikamwambia siku ya nne mguu uliniganda damu, na usiku ule bonge likatoka mguuni likapanda, na chujio likalizuia njiani. Nilimwona anavuta kanga yake kifuani. Nikaendelea, maana ningesita nisingesema tena.

"Mama, sikuguswa na mtu. Nilikuwa nimelala chali, mguu uko juu ya mto, hata shuka halikuugusa. Likaondoka lenyewe."

Huko barabarani mtu alikuwa anapiga honi, anapiga, anapiga.

"Hukukandwa?" akauliza.

"Sikukandwa."

"Hata kupakwa mafuta?"

"Hata mafuta, mama."

Nilichomwambia ni kweli, sikuongeza. Lile jingine alilosema daktari, la mguu kutokandwa, sikumwambia, na sitamwambia. Mama hasomi simu. Mkija kumwona, msimpeleke huko.

Aliitazama mikono yake. Akaifuta kwenye kanga, ingawa ilikuwa imeshakauka. Kisha akasema, akitazama ile kamba ya nguo na si mimi:

"Zuhura alipenda maji ya moto. Wengine huruka. Yeye husema, zidisha mama, bado hayajafika."

Miaka kumi na mmoja. Nikaogopa hata kupumua. Akasema alipokuwa mdogo Zuhura alikuwa akiingia kwenye beseni la wazazi wenyewe, wakimfukuza. Akasema alivyokuwa akicheka. Akasema siku ile ya tisa aliamka na njaa, akataka mkate wa mofa, na mama akatuma ukanunuliwe, na akaula wote. Mimi hayo sikuyajua. Adhana ya alasiri ikatukuta pale pale mkekani, kanga zimeshakauka kwenye kamba, naye bado anasema, nami sikumkatiza.